Neno «encapsulate» katika kamusi tatu za bure: ipi inamfaa mtafsiri wa Goma?

Kazi ya tafsiri hapa Goma inajulikana: raporo imeandikwa kwa Kifaransa, mfadhili anaitaka kwa Kiingereza, na taabu yote iko ukurasa wa kwanza, pale kiini cha kurasa arobaini kinapotakiwa kukaa katika aya mbili. Hapo wengi hukimbilia «encapsulate» kwa kuwa linafanana na «encapsuler» walilozoea. Undugu huo unadanganya. La Kifaransa limebaki zaidi maabara na kiwandani, kwenye dawa inayotiwa ndani ya kapsuli. La Kiingereza limetoka huko, na katika raporo na magazeti mara nyingi lina maana ya kubeba kiini cha jambo kubwa ndani ya kitu kidogo: sentensi, picha, hata tukio.

Kwa neno hili, kamusi ya Merriam-Webster inamkosesha njia mtu mwenye haraka. Hupanga maana kwa historia, ya zamani ikitangulia, kwa hiyo mstari wa kwanza ni wa kufungia kitu ndani ya kapsuli. Maana anayoitafuta mtafsiri ni ya pili, nayo imeelezwa kwa «epitomize, summarize». Asiyejua «epitomize» anaanza kutafuta upya, na megabaiti zinakwenda.

Longman hutanguliza maana ya kueleza kwa ufupi, kisha ile ya kufunika kitu kabisa ili kilichomo kisivuje. Maelezo yake yameandikwa kwa maneno ya kawaida yapatayo 2000, basi mtu hatumwi kwenye kurasa nyingine. Kwa raporo, anza hapa.

Oxford ya wanafunzi (Oxford Advanced Learner's Dictionary) inaongeza jambo ambalo wengi hulipita: kinachobeba kiini si lazima kiwe maneno, chaweza kuwa kitu kimoja tu. Ina pia sauti ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Mkazo uko kwenye silabi ya pili, KAP. Kosa la kwetu ni kulianza kwa «an» ya puani kama Kifaransa.

Ila hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayoeleza vya kutosha tofauti na «summarize», na ndiko makosa yaliko. «The consultant encapsulated the report in 20 pages» ni sentensi mbovu, ingawa sarufi yake haina kasoro. Kurasa 20 ni muhtasari: mambo yote yamepita humo, yamefupishwa tu. Andika «summarized». Sasa soma hii: «One queue of jerrycans in Ndosho encapsulates the city's water problem.» Hapa neno limekaa mahali pake. Foleni moja ya bidoni katika mtaa wa Ndosho, hapa Goma, haifupishi tatizo la maji. Inalionyesha zima kwa mara moja. Ukiwa na shaka, uliza kama kinachobeba ni kidogo sana kuliko kinachobebwa. Kama sivyo, achana nalo.

Kosa lingine ni «encapsulates that…». Kitenzi hiki hakifuatwi na «that», kinataka nomino. Kwa sentensi nzima tumia «shows that». Kikigeuzwa kutendwa, mara nyingi hufuatwa na «in»: «The whole plan is encapsulated in one table.» Na mara moja kwa ukurasa yatosha, maana ni neno rasmi na likirudiwa linanuka majivuno. Kwenye barua pepe ya kawaida, «sum up» inatosha kabisa.

Wanaosoma informatika wasifuate ushauri huu wa juu. Kwao ni kuweka data pamoja na taratibu zake ndani ya klasi moja, msimbo wa nje usiiguse moja kwa moja. Au, kwenye mitandao, kila tabaka kuifunga data ya tabaka lililo juu yake kwa kichwa chake («header»). Maana ya kwanza ya Merriam-Webster, ile iliyomkwaza mtafsiri, ndiyo inayowakaribia zaidi.

Kama koneksyo inakusumbua, Oxford hiyo ipo pia kwa karatasi. Toleo la 10 ni la mwaka 2020. Ukiuziwa fotokopi, fungua herufi E uhesabu kurasa kabla ya kulipa.