LAMMPS: kinachoonekana kwenye skrini na kinachobaki kwenye faili

Karibuni, watazamaji. Leo tunaichambua LAMMPS, programu huria ya kuiga mwendo wa atomu iliyotoka Maabara ya Taifa ya Sandia nchini Marekani. Fizikia yake sitaigusa. Nitashughulikia jambo ambalo wengi hulipuuza mpaka liwaponze, yaani maandishi ambayo programu hii huyatoa ikiwa kazini.

Tazameni skrini yangu. Nimeendesha mfano wa in.melt unaokuja na programu yenyewe, wenye atomu 4,000 na hatua 250. Kwa kuwa ndani ya skripti, yaani faili la amri, imeandikwa thermo 50 (toa mstari kila baada ya hatua 50), tunapata mistari sita ya joto, nishati na shinikizo, kuanzia hatua ya 0. Amri hiyo isingekuwepo, tungeona mstari wa mwanzo na wa mwisho tu. Mistari hiyohiyo imeingia pia kwenye faili la log.lammps, pamoja na amri za skripti ambazo skrini haikuzionyesha.

Sasa naiendesha tena katika folda ileile. Faili la kwanza limetoweka, na jipya limechukua nafasi yake bila onyo lolote. Hapa naipunguzia programu alama, kwani mtu aliyeiacha kompyuta ikikokotoa usiku kucha hastahili kupoteza rekodi zake kwa kusahau tu kubadilisha jina. Dawa ni kuandika hivi: lmp -in in.melt -log jaribio2.log -screen none. Skrini inanyamaza, faili linapokea kila kitu, na hata kosa likitokea mtalikuta humo. Ila msiweke none kwenye swichi zote mbili, -log na -screen, maana kazi ikikwama mtabaki kukisia.

Kipengele ninachokisifu zaidi ni thermo_modify flush yes. Kwa kawaida mistari hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda kabla ya kufika diski, hivyo umeme ukikatika, mistari ya mwisho hupotea, nayo ndiyo mliyoihitaji kuliko yote. Amri hii huisukuma kwenye faili kila inapotolewa. Angalieni mahali pa kuiweka, lakini: ikitangulia thermo_style, amri ya kuchagua vipimo vya kuonyeshwa katika mistari hiyo, haitafanya kazi, kwa sababu thermo_style huirudisha mipangilio yote katika hali ya awali.

Je, maandishi mengi huchelewesha kazi? Programu hujibu yenyewe. Mwishoni mwa kila uigaji kuna jedwali la muda, na mstari wake wa Output huonyesha asilimia iliyoliwa na uandishi. Ikiwa kubwa, ongezeni nafasi kati ya mistari. Mimi huweka thermo 1000 kwa kazi ndefu, na thermo 1 pale tu ninapoisaka hatua ambayo uigaji ulianza kuharibika.