Geuza Soli Kwanza: Raba za Basketi kwa Viwanja Vyetu vya Mchanga

Mwezi wa saba nilinunua raba za basketi kwa shilingi 420,000. Kampuni siitaji, muuzaji simtaji, sitaki kesi. Zilikuwa nyepesi, zimeshika kisigino vizuri, rangi ya embe bivu, na soli ile ya kung'aa inayoonyesha mpaka ndani kama jeli. Siku ya kwanza uwanjani, hapa hapa Tabora, nikatoka na mpira kulia, nikakata kuingia kati, mguu wenyewe ukaendelea na safari yake ya kulia. Nikajikuta nimekaa chini. Mabinti ninaowafundisha jioni walicheka mpaka mazoezi yakasimama. Mmoja wao alikuwa na mtumba uliotoboka kidoleni, na haukuteleza hata mara moja.

Juzi tena kijana wa Urambo akaniandikia: "Dada, za laki nne zinateleza kuliko za mdogo wangu za elfu thelathini. Nimeibiwa?" Hukuibiwa, mdogo wangu. Umenunua kiatu cha ukumbini ukakipeleka mchangani.

Kwa hiyo humu sizungumzii wepesi, wala urefu wa shingo ya kiatu, wala kinavyokumbatia kifundo. Hayo muuzaji atakuimbia bure. Nazungumzia soli, sehemu ambayo hakuna anayeigeuza kuitazama mpaka aanguke.

Raba nyingi za bei kubwa zinatengenezwa kwa sakafu ya mbao, ndani ya ukumbi, sakafu inayofutwa kila mchezo unaposimama. Mpira wa soli yake ni laini ili ung'ate mbao. Sisi tuna saruji, na saruji yenyewe imezungukwa na mchanga. Aliyewahi kukaa Tabora kati ya mvua kukatika Mei na kurudi Novemba anajua vumbi lake halibishi hodi. Mpira laini unaokota vumbi kama donge la chapati linavyookota unga, halafu saruji inausaga kama tupa. Mwezi wa kwanza unateleza kwa vumbi, mwezi wa tatu unateleza kwa upara. Umelipa mara mbili.

Ukifika dukani, omba kiatu, kigeuze. Chukua njiti ya kiberiti, ingiza kichwa chake kwenye mifereji ya soli. Kikizama chote, endelea na mazungumzo. Kikibaki juu juu, rudisha kiatu kwa heshima. Kisha kandamiza kwa kucha: alama ikikaa, huo ni mpira wa sakafu ya mbao. Mwisho tazama mchoro. Ule wa mfupa wa samaki ndio mkongwe na bado sijaona wa kuushinda, hasa mifereji ikiwa imefunguka mpaka pembeni, vumbi likapata pa kutokea. Vile vijishimo vya urembo vilivyofungwa pande zote vinajaa mchanga dakika ya tano, na baada ya hapo unachezea mchanga juu ya mchanga. Muuzaji akikuuliza unafanya nini na kiberiti dukani kwake, mwambie ukweli.

Sasa orodha. Mimi ni mtu wa Nike, tumalizane hapo mapema. Najua mtanitajia Zion Williamson, Februari 2019, mechi ya vyuo vya Marekani, Duke na North Carolina, raba ya Nike PG 2.5 ikamchanikia mguuni ndani ya dakika ya kwanza. Sawa. Ile ilichanika, mimi naongelea kuteleza.

Namba moja ni Nike Sabrina, toleo la EP. Herufi hizo mbili ndizo sababu ya makala haya. Nike hutoa viatu vyao vingi kwa soko la Asia vikiwa na EP mwishoni mwa jina, na tofauti kubwa iko chini: mpira mgumu zaidi, uliokusudiwa viwanja vya nje. Kwenye viatu vya Jordan tafuta PF badala yake. Soma karatasi ya ubavuni mwa boksi, na mara nyingi utakuta herufi XDR, alama ya mpira huo mgumu, zimechapwa kwenye soli yenyewe. Mzigo wetu mwingi unapitia Kariakoo ukitokea China, maana yake matoleo haya yanapita mikononi mwa wauzaji kila siku na hawajui walichoshika. Sabrina Ionescu wa New York Liberty, timu ya ligi ya wanawake ya Marekani, alipewa kiatu chake cha kwanza 2023, na wanaume wa NBA wakakivaa bila aibu. Kwangu kina faida nyingine: saizi ndogo zipo. Mguu wangu ni 39. Miaka yote nimekuwa nikiambiwa "zimebaki 42 tu dada, vaa soksi mbili." Soksi mbili! Ndani ya kiatu unacheza mdako.

Ukiwa na mguu mkubwa, chukua Nike za Giannis Antetokounmpo wa NBA, EP vilevile. Hata ile ndugu yake ya bei nafuu, Immortality, naiheshimu kwa saruji kuliko nyingi za mara mbili ya bei yake.

Ya tatu, na inaniuma kuiandika, ni Adidas AE 1 ya Anthony Edwards wa NBA. Ilitoka mwishoni mwa 2023 kwa dola 120 kule Marekani. Soli ni mpira mzima, haina ujanja ujanja. Ila ni ngumu siku za mwanzo. Ivae nyumbani wiki moja kabla hujaipeleka kwenye mechi.

Nike LeBron 21 iliuzwa dola 200. Kwa mtu mzito anayeruka sana chini ya kikapu ina raha yake, lakini kwa fedha hiyo, kama si toleo la uwanja wa nje, hapana. Curry Flow 8 ya Under Armour, ya 2020, waliondoa kabisa mpira chini wakaacha povu la soli liguse sakafu lenyewe. Kwenye mbao inasifiwa sana. Kwenye saruji yetu ni kama kucheza na sabuni ya kipande: kila jioni inapungua.

Mitumba? Ikunje. Povu lililozeeka huliwa na unyevunyevu hata kiatu kikiwa hakijavaliwa, ukakikuta kinameguka kama andazi la juzi. Kisipomeguka, chukua.

Hao wauzaji wa mtandaoni sasa. Picha nane: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kwa juu, kwenye boksi, kwenye mguu wa mtu asiye na vumbi hata chembe. Soli hakuna. Bei hakuna, "njoo inbox." Ukienda inbox ukiomba picha ya chini unajibiwa "dada ni orijino hiyo," kana kwamba uliuliza uhalisi. Ukiuliza kama ni EP, kimya, halafu dakika kumi baadaye "ndiyo ni EP," na boksi kwenye picha linasema vingine. Nauli ya basi kutoka Dar juu yako, kurudisha marufuku.

Wangu nilimtumia picha ya soli baada ya wiki sita, upara mtupu chini ya kidole gumba. Akajibu: "Pole dada, hizo ni za kutokea."

Basi nazitokea. Jumapili nilizivaa kwenda sokoni, zikasifiwa sana. Pea ya EP anakuja nayo binamu yangu kwa treni wiki ijayo. Nimempa kiberiti.