Kempingi na watoto bonde la Rhine, Ujerumani: uzoefu wetu

Kwa nyie mlioko huku Ulaya na watoto na kiangazi hamjui muwapeleke wapi, bebeni hema muende bonde la Rhine, kile kipande cha kati ya Koblenz na Bingen. Ni kilomita kama 65 hivi, mto umebanwa na milima ya mizabibu na kila kona ukiinua macho kuna ngome. UNESCO waliliweka kwenye urithi wa dunia 2002 na wana haki kabisa.

Sisi tulipiga hema upande wa St. Goar, kempu iko ukingoni, ukifungua zipu asubuhi meli za mizigo hizo zinapita na ng'ambo unauona mwamba wa Loreley. Vyoo visafi, bafuni maji ya moto unalipia kwa sarafu kwahiyo uwe na chenji. Jioni tulisonga ugali kwenye jiko la gesi, katoto ka hema la jirani kakaja kuonja kakarudi tena na dada yake.

Sasa kelele. Reli ipo pande zote mbili za mto na treni za mizigo hazilali, saa nane usiku mabehewa yanapita mlima unarudisha mwangwi, watoto walilala tu ila baba yao alikesha. Beba vizibo vya masikio na uombe nafasi karibu na maji. Lakini jamani watoto wasiogelee! Mto unaonekana umetulia kumbe mkondo una nguvu sana, meli kubwa ikipita maji yanavutwa kwanza afu wimbi linarudi kwa kasi, hata pale kwenye changarawe nilikuwa nawashika mikono.

Kwenye ngome, kama una muda wa moja tu basi Marksburg, pale Braubach. Ndo ngome pekee ya mlimani kwenye hicho kipande haijawahi kubomolewa, unaingia na mwongozaji, ngazi zimechongwa kwenye mwamba zikapanuliwa farasi wapite, kigari cha mtoto hakifai kabisa, mdogo nilimbeba mgongoni kwa khanga na nilikuwa huru kuliko wote. Jiko la kizamani, mavazi ya chuma, na choo kimechomoza nje ya ukuta kinaning'inia hewani, hapo watoto hawakutaka kuondoka. Rheinfels ni magofu, ilianza kujengwa 1245 Wafaransa wakailipua 1797, nzuri kwa wanaopenda kupandapanda. Halafu Pfalzgrafenstein, iko katikati ya mto pale Kaub unaenda kwa boti. Kijana wangu akauliza kwanini wajenge majini, baba yake akamwambia ilikuwa kama mizani ya malori kule nyumbani, hupiti mpaka ulipe ushuru. Tangu hapo kila ngome ni "na hii ilikuwa inatoza?" na nyingi jibu ni ndiyo.

Gari liacheni kempu. Kutoka Koblenz mpaka Mainz hakuna daraja la gari, mnavuka kwa feri, na treni ya abiria inasimama karibu kila kijiji. Mkitaka Septemba wekeni nafasi mapema mno, kuna usiku wa fataki pale St. Goar na kempu zinajaa.