Kukaa gazeti moja au kuhama? Njia mbili za waandishi wa uchumi Uingereza

Kwa kasi, anayehama hushinda. Will Lewis alipita magazeti ya Financial Times na Sunday Times, akaingia Daily Telegraph mwaka 2005, na Oktoba 2006 akawa mhariri wake mkuu. Roula Khalaf alijiunga na Financial Times mwaka 1995. Kiti cha mhariri alikipata 2020.

Kwa kudumu, mambo hugeuka. Lionel Barber aliingia Financial Times 1985, akatumwa Washington na Brussels, kisha akaihariri tangu 2005 hadi 2020. Patience Wheatcroft, baada ya kuongoza kurasa za biashara za The Times, aliihariri Sunday Telegraph 2006 hadi 2007 tu. Mgeni hana wa kumkingia kifua wenye gazeti wakikasirika.

Vyanzo vya habari? Hapa nawaona sare: mabenki ya City, mtaa wa fedha wa London, humjua mwandishi popote aendapo, ila vituo vya ughaibuni hupewa zaidi waliozoeleka.

Kama unapenda siasa za dunia na una subira, kaa. Kama nguvu yako ni kuibua habari za makampuni kabla ya wenzako, na mhariri wako bado kijana, anza kupokea simu za washindani.