Fundi wa Kadutu aliyeipima kulbutere kwa chaki

Nina Honda CG125, ile ya fimbo za kusukuma, modeli iliyotoka 1976. Niliirithi kwa baba mdogo, na kila mwaka mama watoto ananiambia niiuze. Mwaka jana niliitia kulbutere mpya za bei ya chini, za sokoni. Kulbutere ni mikono midogo ya chuma inayosukumwa na zile fimbo ili ifungue supapu, vilango vya hewa na moshi vya injini. Tangu hapo, nikipanda kutoka Nyawera, hapa Bukavu, inavuta vizuri mwanzoni, lakini injini ikizunguka sana inakata pumzi.

Mafundi watatu walipima nafasi ya supapu, ule mwanya kati yake na kulbutere: 0.08 mm, kama Honda inavyotaka. “Iko sawa, papa.” Nikalipa mara tatu, na mlima ukanishinda mara tatu.

Huyu wa Kadutu, mtaa mwingine wa Bukavu, alicheka. “Nafasi tunaipima mkono wa kulbutere umelala, haubebi kitu. Utajuaje kama unapinda?” Akatoa resori (springi) ya supapu, akaweka nyingine laini kama ya kalamu, akafunga komparatere, saa ya kupimia mwendo mdogo, juu ya kichwa cha injini, akaizungusha injini kwa mkono. Namba akaiandika ukutani kwa chaki. Akarudisha resori yenyewe, akapima tena: supapu ilifunguka pungufu kwa 0.3 mm. Kamu, nundu inayosukuma zile fimbo, ni ileile. Kilichopotea kilimezwa na ile kulbutere iliyopinda. Na hapo ni kwa mkono tu, injini imezimwa. Ikikimbia, uzito wa vyuma vinavyopanda na kushuka unaongeza mzigo, hasara inakua.

Kulbutere za zamani nilikuwa nimezitunza kwenye kopo la maziwa (mama watoto, unaona?). Zenyewe hazikupoteza hata 0.1. Ncha zilikuwa zimelika kidogo, akazilainisha kwa jiwe la mafuta, akazirudisha. Kijana mmoja pale alitaka zake zilehemiwe chuma juu zikazane. Fundi akakataa: unene unasaidia karibu na ekseli ambapo kulbutere inageukia, ila ukiuweka kwenye ncha, uzito unaizidi resori, inashindwa kuirudisha kulbutere kwa wakati.

Dola 30, siku tatu. Sasa pale nilipokuwa narudi gia ya pili, napita na ya tatu. Ni 125 lakini, msitegemee ndege.

Ubaya: hakuna paa, mvua ikinyesha kazi inasimama na wewe unalowa. Risiti hatoi. Na umeme msimpe kabisa. Taa yangu ya nyuma ilifika nzima, ikaondoka imezimika, akasema, “Niliikuta hivyo.”