Futikamba ya elfu tatu

Nashona mwaka wa kumi na nne sasa na sikuwahi kufikiria nitakaa chini niandike habari za futikamba. Ila hii imenilazimu.

Mwezi wa tatu mteja wangu aliyeko Ujerumani alinitumia vipimo kwa WhatsApp, vyote sentimita. Urefu wa gauni, 140. Mimi mkono wangu umezoea inchi tangu nijifunze, basi nikashika 140 kwenye futikamba yangu ya plastiki, nikaigeuza upande wa pili, nikasoma 56, nikaandika daftarini. Kesho yake yangu sikuiona, nikakata kwa futikamba ya mwenzangu. Gauni likafika kwa mwenyewe linafagia sakafu, limezidi karibu inchi nzima! Afadhali lilizidi. Lingepungua ningelipa kitenge cha watu.

Kuja kuichunguza ile yangu: upande mmoja unaishia 60, wa pili 150, na zote zinakomea mahali pamoja. Haiwezekani. Inchi moja ni sentimita 2.54, ndivyo Marekani, Uingereza na wenzao walivyokubaliana mwaka 1959, kwa hiyo 60 lazima ifike 152.4. Aliyeichapa alipiga 2.5 akaenda zake. Ile 140 kumbe ni inchi 55 na ushee.

Hii mpya nimeitoa Kariakoo, sh. 3,000, ya zamani ilikuwa buku. Inchi na sentimita ziko uso mmoja, juu na chini, hakuna kugeuza. Nilisimama dukani nahesabu vistari, muuzaji ananikodolea macho: "Mama, futi si futi tu?" Inchi 10 ikakutana na 25 na vistari vinne. Inchi 50 ikasimama kwenye 127 kamili. Nikalipa. Nimeivuta kwa nguvu, hairefuki kama ile ya plastiki.

Ubaya wake: tarakimu za sentimita ni nyekundu na ndogo, jioni taa ikiwa hafifu sizioni. Na wino wa inchi tano za mwanzo umeanza kufutika, pale kidole gumba kinapokaa, miezi minne tu.

Yadi haina, hizo bado napiga kwenye simu. Kitenge cha yadi 6 ni mita 5.49, ingawa kuna wauzaji wanakuambia "mita sita" na uso mkavu.

Nimewanunulia na wanafunzi wangu wawili. Ukienda kununua yako, kabla hujatoa hela angalia 50 inakutana na ngapi.