Fahali wa Bayer aliyegeuzwa, na jibu la dharau juu yake

Nianze na hasira. Sifa zitafuata zikipata nafasi.

Kuna jamaa wanaochapa nakala za michoro ya vitabu vya kale kwenye karatasi nzito na kukuletea hadi mlangoni. Niliagiza seti yao ya mbingu: picha za makundi ya nyota alizochapa Erhard Ratdolt kule Venice mwaka 1482, ramani mbili za Albrecht Dürer za 1515, na kurasa kadhaa za Uranometria, kitabu cha ramani za nyota cha Johann Bayer, kilichotoka Augsburg mwaka 1603. Bayer ndiye aliyenitoa pesa mfukoni. Hao wengine nilihesabu ni nyongeza.

Natandaza karatasi ya Bayer mezani, fahali, lile kundi la nyota liitwalo Taurus, anatazama upande usio wake. Kila aliyekulia shambani anajua Kilimia, kile kishada cha nyota begani mwa fahali, hutangulia kuchomoza, ndipo jicho jekundu la fahali linafuata. Kwenye karatasi yangu jicho ndilo limetangulia, Kilimia kinaburutwa nyuma. Msiniambie ni kwa sababu tuko kusini mwa ikweta na huku tunamwona miguu juu. Karatasi iliyo juu chini unaizungusha tu inakaa sawa. Hii hata ukiizungusha mpaka ichakae haikai, maana imegeuzwa kama sura kwenye kioo. Kisha nikaona namba za digrii kwenye fremu: zote zinasomeka kinyumenyume! Na zile herufi za Kigiriki ambazo Bayer alizipa nyota, alfa, beta na kuendelea, ambazo wanaastronomia wanazitumia hadi leo, nazo zimegeuka. Mtu kachapa, kakata, kakunja, kafunga, na njia nzima hakuna aliyeitazama karatasi.

Makosa ya uchapaji naweza kuyameza. Nikamwandikia muuzaji kwa heshima zote, na picha nikaambatanisha. Jibu lake: "Boss, watu wa zamani walichora mbingu kama zinavyoonekana kutoka nje. Soma historia kidogo." Na kikaragosi cha kucheka.

Hapo ndipo damu ilichemka, kwa sababu alichosema ni kweli, ila si kwa Bayer. Dürer, akisaidiwa na wataalamu Stabius na Heinfogel, alichora mbingu kama tufe linalotazamwa kwa nje, kwa hiyo kwake kila kitu kimegeuka kwa makusudi. Hevelius, mchora ramani za nyota wa baadaye, naye alishikilia mtindo huohuo hadi mwishoni mwa karne ya 17. Bayer alichora kama anavyoona mtu aliyesimama ardhini akiinua macho. Ana kasoro zake, sikatai: baadhi ya watu wake wametupa mgongo, mkono wa kulia ukawa wa kushoto, na Flamsteed, mwanaastronomia wa Greenwich, alimsema kwa hilo. Lakini nyota zenyewe aliziweka zinapotakiwa. Na hata huyo Dürer aliyezitazama mbingu kwa nje hakuandika namba kinyumenyume, kaka. Nilimjibu hivyohivyo. Kimya.

Kwa hiyo nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya bodaboda.

Basi. Sasa nimekaa na hizo nyongeza kwa muda, na lazima niseme haki. Picha za Ratdolt ni za kuchekesha: watu wanene wa mbao, wanyama wenye sura za binadamu, na nyota zimemwagwa juu yao kama punje za mchele, bila kujali zinakaa wapi angani. Hupati njia kwa ramani ile hata ya kwenda chooni. Ila mistari imetoka safi, na mwanangu ameipenda kuliko zote.

Na Dürer! Ramani ya kaskazini ina wazee wanne wa elimu ya nyota kwenye pembe nne: Aratus, Ptolemy, Manilius, na wa nne al-Sufi, ameandikwa Azophi Arabus. Bwana wa Rayy, Uajemi, wa karne ya 10, amekaa na Wagiriki na Warumi kwenye karatasi ya Wajerumani, hakuna anayemwambia asome historia. Ramani ya kusini ina eneo kubwa tupu, maana nyota za huko chini Ptolemy hakuwahi kuziona. Utupu ule umeachwa safi mno, na wino wa mistari inayouzunguka umekolea mpaka raha.

Waliokuja kuujaza ni mabaharia. Kwenye seti kuna ukurasa wa Bayer wa makundi 12 mapya ya kusini, na huu, kwa maajabu, haujageuzwa. Kuna kinyonga pale. Vipimo vya nyota za ukurasa huu vilitokana na mabaharia Keyser na de Houtman, waliosafiri na meli za Waholanzi zilizong'oa nanga 1595 na kukaa Madagaska kwa miezi. Keyser alifia Banten, kisiwani Java, mwaka uliofuata, hakuwahi kumwona kinyonga huyo kitabuni. Kinyonga nimemtundika sebuleni.

Nyota tatu, basi. Mbili na nusu nikikumbuka kile kikaragosi.

Fahali wangu hajabadilishwa mpaka leo. Juzi jamaa kaibuka, bila hata salamu, ananiuliza kama nataka kurasa za kitabu cha ramani za mbingu cha Cellarius cha 1660, za rangi. Nimemuuliza bei. Ila sitatuma hata shilingi kabla hajanipigia picha za maandishi yote, kona kwa kona.